Kupima viuatilifu kwenye maji: kadi ya haraka, kifaa cha kingamwili au maabara?

Anayetaka kujua kama maji yake yana viuatilifu mara nyingi huanza kwa kuuliza bei ya kipimo. Swali la kwanza liwe jingine: ni dawa gani zinapigwa upande wa juu wa hayo maji? Hakuna kipimo kinachoona dawa zote. Kila njia ina dawa inazozikamata na nyingine inazozipita kana kwamba hazipo, na anayechagua kwa bei tu anaweza kulipa fedha nyingi akaletewa jibu la "hakuna" kuhusu dawa ambayo hakuna mkulima wa eneo lake aliyewahi kuinunua.

Hapa tunalinganisha njia zilizopo tukifikiria mahali kama Ngarenanyuki chini ya Mlima Meru kwenye nyanya, au Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi kwenye vitunguu. Ni sehemu ambazo mfereji hupita shamba hadi shamba, bomba la mgongoni huoshwa ukingoni, na watu wa chini huchota. Anayeishi penye mpunga, pamba, kahawa au maua atabadilisha orodha ya dawa, lakini namna ya kuchagua ni ileile.

Orodha kabla ya kipimo

Pita maduka mawili matatu ya pembejeo, kisha pita kando ya mashamba ukiwa na glavu uangalie makopo na pakiti zilizotupwa. Jina kubwa la kibiashara halitoshi. Andika kiambato amilifu kilichochapwa kwa herufi ndogo pamoja na kiasi chake, kwa mfano gramu 720 kwa lita. Majina ya biashara hubadilika kila msimu, kiambato hubaki kilekile.

Kwenye nyanya utapata kitu kama hiki: profenofosi na klopirifosi, ambazo ni oganofosfeti, lambda-sihalothrini, ambayo ni paithroidi, imidaklopridi au asetamipridi, za kundi la neonikotinoidi, mankozebu na metalaxili za ukungu, na glaifosati ya magugu. Yaani una makundi matano au sita kabla hujamaliza ukurasa mmoja wa daftari.

Ongeza na historia ya mahali. Palikuwa na stoo ya dawa za pamba au kahawa? Shamba la serikali? Vikuge, wilayani Kibaha, dawa zilizoletwa nchini mwaka 1986 ziliachwa kwenye banda hadi zikaharibika, na watafiti walikuta DDT na nduguze kwa wingi kwenye udongo miaka mingi baada ya shehena yenyewe kuondolewa. Mahali pa namna hiyo orodha ya duka la leo haitakusaidia, kwa sababu kinachotafutwa ni oganoklorini ambazo hazijauzwa kwa muda mrefu.

Udogo wa kinachotafutwa

Viuatilifu kwenye maji hupimwa kwa mikrogramu kwa lita. Mikrogramu 1 kwa lita ni gramu 1 ya dawa halisi iliyochanganywa sawasawa kwenye matangi 100 ya lita 10,000 kila moja. Chukua kifuniko cha mililita 10 cha profenofosi ya gramu 720 kwa lita: ndani yake mna gramu 7.2, zinazotosha kufikisha lita 7,200,000 za maji kwenye mikrogramu 1 kwa lita. Kwa hiyo glavu yenye harufu ya dawa au chupa ya juisi iliyosuuzwa haraka inaweza kuharibu sampuli nzima.

Viwango vyenyewe vinapishana sana. Kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linaweka klopirifosi mikrogramu 30 kwa lita, 2,4-D pia 30, atrazini 100, karbofurani 7, dimethoeti 6, DDT 1, na aldrini na dieldrini kwa pamoja 0.03. Umoja wa Ulaya hauangalii ukali wa dawa mojamoja: karibu kila kiuatilifu kisizidi 0.1, na jumla yake yote isizidi 0.5. Andika kwenye daftari kiwango utakacholinganisha nacho kabla hujanunua chochote. Kipimo kinachoanza kuona kwenye mikrogramu 50 hakiwezi kukuambia lolote kuhusu kiwango cha 6.

Visivyo vipimo vya viuatilifu

Hapa tupite haraka. Kile kikalamu cha umeme cha kupima TDS hupima chumvi zilizoyeyuka. Maji yenye sumu ya kutosha kuua samaki wote bwawani yanaweza kusoma sawa na maji safi kabisa. Harufu haitoshi, kwa sababu kinachonukia kwenye dawa nyingi ni kiyeyushi kilichochanganywa humo, na kuna dawa zisizonuka kabisa. Vipande vya naitreti havioni viuatilifu, ila vina faida yake: naitreti ikiwa juu kwenye kisima, ujue maji ya shambani au ya vyoo yanakifikia, na penye njia ya mbolea dawa nayo inaweza kupita.

Kadi za kimeng'enya

Kadi hizi zina kolinesterasi, kimeng'enya cha jamii ileile inayofanya kazi kwenye mishipa yetu ya fahamu. Oganofosfeti na kabameti hukizima, na ndivyo zinavyoua wadudu na kudhuru watu. Kadi iliyozoeleka ina vidoa viwili, cheupe na chekundu. Unadondoshea maji kidoa cheupe, unasubiri kama dakika 10, unakunja kadi vidoa vigusane, unaibana kwa vidole kwa dakika 3 ili ipate joto la mwili, kisha unafungua. Kidoa cheupe kikigeuka buluu, kimeng'enya kiko hai. Kikibaki cheupe, kuna kilichokizima.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji umeme, unaweza kutumia pembeni mwa mfereji, na jibu unalipata ndani ya robo saa. Udhaifu wake ni mkubwa na wauzaji hawausemi. Kwanza, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mboga, na huanza kuona dawa kwenye takriban miligramu 0.3 kwa lita na kuendelea, yaani mikrogramu 300. Kwa klopirifosi hiyo ni mara kumi ya kiwango cha maji ya kunywa. Kadi inaweza kukaa buluu kabisa huku maji yamevuka kiwango mara tano.

Pili, klopirifosi, dayazinoni na malathioni zinavyotoka kwenye kopo hazizimi kimeng'enya kwa nguvu. Mwilini hugeuzwa kwanza kuwa umbo kali zaidi, ambapo salfa hupishwa na oksijeni. Vifaa vizuri huja na kichupa cha kioksidishaji, mara nyingi maji ya bromini, cha kufanya mageuzi hayo kabla ya kipimo. Kisichokuwa nacho kitaona vyema kabameti na profenofosi, ambayo tayari ina oksijeni mahali pake, lakini kitadharau klopirifosi. Uliza kuhusu kichupa hicho kabla ya kulipa.

Tatu, klorini ya maji ya bomba na baadhi ya metali huzima kimeng'enya vilevile, hivyo kadi itabaki cheupe bila kuwapo kiuatilifu. Nne, joto. Asubuhi ya baridi kimeng'enya hufanya kazi polepole na rangi huchelewa. Ndiyo maana kila mara ukipima maji ya mfereji, kadi ya pili ipime maji safi yasiyo na klorini, saa ileile na mkono uleule. Kadi ya maji safi isipogeuka buluu, tupa majibu yote mawili.

Paithroidi, neonikotinoidi, mankozebu, glaifosati na DDT kadi hii haizioni kabisa, hata zikiwa nyingi kiasi gani. Itumie kwa jambo moja: dharura ya umwagikaji, pale unapotaka kujua sasa hivi kama watu wafunge bomba. Kwa kuthibitisha kwamba maji ni salama haifai.

Kingamwili: vipande na sahani za ELISA

Hapa kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili, imetengenezwa ishike dawa moja au jamii ndogo ya dawa. Atrazini, 2,4-D, glaifosati, imidaklopridi na klopirifosi ni miongoni mwa zilizo na vifaa vya namna hii. Kwa atrazini sahani nzuri ya ELISA (yenye vitundu vidogo, kila kimoja huitwa kisima) inafika mikrogramu 0.05 hadi 0.1 kwa lita, ambako kadi ya kimeng'enya haiwezi hata kukaribia.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kusoma jibu kinyume. Waliozoea kipimo cha haraka cha malaria wanajua mstari wa pili ukitokea, ugonjwa upo. Kwenye kipande cha kiuatilifu ni kinyume chake: mistari miwili maana yake dawa haijafika kiwango cha kipimo, na mstari wa kipimo ukififia au kutoweka dawa ipo. Sababu ni kwamba dawa iliyo kwenye maji inagombania kingamwili na dawa iliyopakwa kwenye kipande. Ya kwenye maji ikishinda, mstari haupati rangi. Sahani ya ELISA nayo iko hivyo, kwamba rangi kali inamaanisha dawa kidogo, na kisima kilichopauka kina dawa nyingi. Fundisha hili kwa mdomo, kisha liandike kwa kalamu nene juu ya boksi.

Kazi ya sahani inataka mkono mtulivu. Vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, hukaa nyuzi 2 hadi 8 na hutolewa jokofuni nusu saa kabla ili vifikie joto la chumba. Pipeti hupima mikrolita 50 au 100, na kosa la mikrolita 5 tu kwenye 50 ni asilimia 10. Sahani ya visima 96 ni jozi 48. Ukitoa jozi 6 za viwango (maji yenye kiasi cha dawa kinachojulikana, ya kulinganishia), moja ya udhibiti na moja ya maji matupu, zinabaki sampuli 40 zinazopimwa mara mbilimbili. Visima vyote vianze karibu wakati mmoja, kwani ukitumia dakika 10 kumimina, kisima cha kwanza kimetangulia cha mwisho kwa dakika 10 na namba zitaonyesha mteremko ambao haupo majini. Mwishoni tindikali hugeuza buluu kuwa njano, na kisomaji hupima kwenye nanomita 450. Jozi ya sampuli moja zikipishana kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, irudie.

Kingamwili pia huchanganya ndugu. Kifaa cha atrazini hushika propazini, na kwa kiasi tofauti hushika mabaki ya atrazini iliyovunjika. Kwa hiyo namba unayopata ni ya "atrazini na nduguze". Maji ya kahawia kutoka kinamasi huleta namba za uongo kwa sababu ya tindikali za majani yaliyooza, na klorini huharibu kitendanishi usipoiondoa mapema.

ELISA inalipa pale penye dawa moja unayoijua na sampuli nyingi: mashamba ya mahindi yenye atrazini, visima 35, misimu miwili. Haina maana kwa visima vitatu na dawa kumi, kwa sababu sahani ikifunguliwa imefunguliwa, vitendanishi vina tarehe ya mwisho, na umeme ukikatika siku mbili jokofu halikusubiri. Namba inayokaribia au kuvuka kiwango ipelekwe maabara kuthibitishwa kabla haijatangazwa kijijini.

Maabara: gesi au kimiminika

Watu husema "tumepeleka maabara" kana kwamba huko kuna mashine moja. Kuna mbili kubwa, na ukishika orodha yako utajua ya kuomba.

Kromatografia ni njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika. Ya gesi hupitisha dawa zinazoweza kugeuka mvuke bila kuungua: DDT na jamaa zake, endosulfani, oganofosfeti nyingi, lambda-sihalothrini na sipamethrini. Ikiunganishwa na spektrometa ya masi, inayotambua kemikali kwa uzito wa vipande vyake, kwenye ripoti huandikwa GC-MS. Ikiwa na kigunduzi cha kunasa elektroni peke yake, inaona oganoklorini kwa undani sana lakini hutambua dawa kwa muda wa kutokea tu, na kitu kingine kinachotokea dakika ileile kinaweza kuitwa DDT kimakosa. Omba uthibitisho wa masi, au wa safu (bomba jembamba la kutenganishia) ya pili ya aina tofauti.

Kromatografia ya kimiminika yenye spektrometa mbili za masi mfululizo, LC-MS/MS, hushika zinazopenda maji na zisizovumilia joto: imidaklopridi, asetamipridi, metalaxili, karbofurani, atrazini, na oganofosfeti kadhaa. Kwa mashamba ya mboga ya leo hii ndiyo mashine ya kuitafuta kwanza. Dawa mpya nyingi ni za aina yake, na kwa kuwa huyeyuka vizuri ndizo zinazosafiri na maji. Kama fedha inatosha kipimo kimoja na orodha yako ni ya nyanya, chagua kimiminika.

Kabla ya mashine kuna kukoleza. Maji ya nusu lita hadi lita moja hupitishwa kwenye katriji ndogo, kibomba chenye chembe zinazonasa dawa, iliyoloweshwa kwanza kwa methanoli na kisha maji safi, kwa kasi ya mililita 5 hadi 10 kwa dakika. Dawa hubaki kwenye katriji, huoshwa kwa kiyeyushi, na kiyeyushi hupunguzwa kwa naitrojeni hadi mililita 1. Lita iliyokuwa moja imekuwa mililita moja, yaani imekolezwa mara 1,000. Katriji ikikauka kati ya methanoli na sampuli, au maji yakikimbizwa, dawa hupita bila kushikwa, na ripoti itakuja na namba ndogo zinazofurahisha. Ndiyo sababu maabara makini huongeza kiasi kinachojulikana cha dawa ya majaribio kwenye sampuli na kuripoti ni asilimia ngapi zilirudi. Asilimia 70 hadi 120 inakubalika kwa kawaida. Ukiona 30, usiisome namba ya dawa hiyo.

Sasa ziangalie zinazokosekana kwenye mashine zote mbili. Kifurushi cha dawa 200 au 300 kinavutia, lakini kwa kawaida glaifosati haimo, parakwati haimo, na mankozebu haimo. Glaifosati inahitaji njia yake peke yake, mara nyingi baada ya kuibandika kemikali ya kuifanya ionekane. Parakwati nayo ina njia yake, na hung'ang'ania kioo na udongo. Mankozebu haikai majini kama ilivyo: huvunjika, na la maana kulitafuta ni etilini thiourea, zao la kuvunjika kwake linaloyeyuka sana. Dawa inayopigwa mara nyingi kuliko zote kwenye nyanya wakati wa mvua ndiyo inayokosekana kwenye kifurushi. Ukitaka kuijua, iombe kwa jina.

| | Kadi ya kimeng'enya | ELISA | GC-MS | LC-MS/MS |
|---|---|---|---|---|
| Inaona | oganofosfeti, kabameti | dawa moja au jamii yake | oganoklorini, paithroidi, oganofosfeti | neonikotinoidi, kabameti, triazini (kama atrazini), nyingi za ukungu |
| Inaanzia wapi | mikrogramu mamia kwa lita | 0.05 na kuendelea, kutegemea dawa | 0.01–0.1 kwa nyingi | 0.01–0.1 kwa nyingi |
| Jibu | dakika 15 | saa 2–3 | siku hadi wiki | siku hadi wiki |
| Inataja dawa kwa jina | hapana | kwa kiasi | ndiyo | ndiyo |
| Ifae nini | dharura | sampuli nyingi, dawa moja | stoo za zamani, matope | mboga, maua, visima |

Maswali ya kuuliza maabara

Tanzania unaweza kuanza na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyorithi kazi za TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, pale Ngaramtoni, Arusha, au Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na ofisi zake za kanda. Kenya kuna maabara ya KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Popote uendapo, uliza haya kabla ya kubeba chupa.

Je, ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, inahusu viuatilifu kwenye maji, au kwenye mboga na matunda tu? Hizi ni kazi mbili tofauti. Maabara inayopima maharage machanga ya kwenda Ulaya hutafuta miligramu 0.01 kwa kilo, ambayo ni sawa na mikrogramu 10. Kwa maji inatakiwa ishuke mara mia. Orodha kamili ya dawa ni ipi, na kila moja inaanza kupimika wapi? Iweke kando ya daftari lako mstari kwa mstari. Chupa ni zao au zako? Sampuli itakaa siku ngapi kabla ya kukolezwa?

Ripoti ikifika, tazama kizio kwanza. Miligramu 0.05 kwa lita ni mikrogramu 50, na watu wameshawahi kuona 0.05 wakapumua. Neno "haikugunduliwa" lisilo na namba ya mwanzo wa kipimo pembeni halina thamani. Dai iandikwe "chini ya 0.05", "chini ya 10", au vyovyote ilivyo.

Chupa ndiyo nusu ya kipimo

Mashine bora haiwezi kurudisha dawa iliyopotea njiani. Kwa dawa nyingi tumia chupa ya kioo cha kahawia ya lita 1, kifuniko chenye utando wa tefloni, iliyooshwa na kukaushwa na maabara yenyewe. Usiisuuze kwa maji ya mtoni kabla ya kujaza: paithroidi na DDT hujibandika kwenye kioo, na kila suuzo huacha dawa ya ziada ukutani ambayo haikuwa ya sampuli yako. Kwa sababu hiyohiyo maabara isimimine nusu na kuacha nusu. Itumie chupa nzima na kuiosha kwa kiyeyushi. Glaifosati na parakwati zina chupa yao ya plastiki ya polipropilini, kwani kioo huzishika.

Maji ya bomba yenye klorini yawekewe sodiamu thayosalfeti, miligramu 80 hivi kwa lita, mara tu yanapochotwa. Klorini ikiachwa huendelea kula dawa ndani ya chupa. Maji ya magadi, ambayo si machache Bonde la Ufa, huvunja oganofosfeti na kabameti haraka kwa sababu pH iko juu. Mwambie mtaalamu wa maabara pH uliyoipima papo hapo, naye atakupa kihifadhi. Kwa kabameti kawaida pH hushushwa hadi karibu 3.

Kwenye mto au mfereji, simama ukielekea maji yanakotoka, ingiza mdomo wa chupa sentimita 15 hadi 30 chini ya uso wa maji, usikombe povu la juu. Kwenye kisima kirefu usichukue maji ya kwanza. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 lenye maji ya kimo cha mita 20 lina takriban lita 350. Toa mara tatu yake, zaidi kidogo ya lita 1,000, au subiri hadi joto, pH na upitishaji umeme vitulie. Mchukua sampuli asiwe amepiga dawa siku hiyo, na gari lisipuliziwe dawa ya mbu. Beba pia chupa moja ya maji safi ya maabara, ifungue pale mtoni kwa muda uleule, ifunge, irudi na nyingine. Ikikutwa na paithroidi, utajua imetoka kwenu na si mtoni.

Funga chupa kwa karatasi ya aluminiamu zisipigwe mwanga, zitie ndani ya deli lenye barafu, nyuzi 2 hadi 8, lakini zisigande, maana kioo hupasuka. Zifike na kukolezwa ndani ya siku 7. Kama basi la usiku hadi maabara linatia wasiwasi, omba katriji: unakoleza hukohuko wilayani kwa pampu ndogo, na unachotuma ni bomba dogo la plastiki lisilovunjika.

Lini, na mara ngapi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Dawa huingia mtoni kwa mkupuo: mvua kubwa ya kwanza baada ya kupiga dawa, au mfereji kufunguliwa asubuhi. Mkupuo unaweza kupita kwa saa chache. Chupa iliyochotwa Jumatano ya ukame haielezi chochote kuhusu Ijumaa ya mvua. Kwa mto, bora chupa nne kwenye mvua za mwanzo kuliko kumi na mbili zilizosambazwa kila mwezi kwa usawa.

Njia nyingine ni visampulishi tulivu, yaani visahani vyenye utando au karatasi za silikoni vinavyoachwa majini wiki 2 hadi 4 vikikusanya dawa kidogokidogo. Havikosi mkupuo na hushika vidogo sana. Ila namba yake ni wastani wa makadirio, hutegemea kasi ya maji na joto, na hukwama kwenye tope au huibwa. Kwa kujua dawa zipi zinapita, ni bora kuliko chupa moja. Kwa kupambana na kiwango cha sheria, chupa.

Kisima kirefu hubadilika polepole, hivyo mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, zinatosha kuanzia. Kisima kifupi kilicho katikati ya shamba kihesabu kama mto.

Kwa hali yako

Kamati ya maji yenye chemchemi chini ya mashamba ya nyanya, na fedha ya sampuli nne: zote ziende LC-MS/MS, tatu kwenye mvua za mwanzo na moja kiangazi. Moja kati ya zile tatu iongezewe glaifosati na etilini thiourea. Usinunue kadi.

Mfugaji wa samaki: viwango vya maji ya kunywa havikuhusu. Paithroidi huua samaki na wadudu wa majini kwenye mikrogramu chache kwa lita au pungufu, na hukimbilia kwenye tope. Pima tope la mlango wa maji kwa GC-MS pamoja na maji yenyewe. Ukipima maji peke yake siku tatu baada ya vifo, utaambiwa ni safi.

Shule au zahanati jirani na stoo ya zamani: GC-MS kwa oganoklorini, kisima na udongo, na uliza mwanzo wa kipimo cha dieldrini usizidi 0.03. Hapa maabara nyingi hukwama.

Mtu amemwaga dawa mferejini, ng'ombe wameanguka: funga maji, piga simu, kisha chota kwanza uulize baadaye. Chupa mbili kila sehemu, juu ya pale palipomwagika na chini yake, zote na saa zilizoandikwa. Kadi ya kimeng'enya itumike sasa. Samaki waliokufa wafungwe kwa karatasi ya aluminiamu waingie friza. Kopo la dawa lipigwe picha ya lebo, lihifadhiwe mbali na chupa za maji. Kila anayepokea chupa aandike jina, tarehe na saa, ili ushahidi usikataliwe. Wakati huo mtu asidanganyike kuchemsha maji hayo: kuchemsha hakuondoi dawa hizi kwa kutegemewa, na zisizoruka na mvuke hukolea. Kutia klorini kwenye maji yenye klopirifosi kunaweza kuigeuza kuwa lile umbo kali tulilolitaja juu. Chujio la mkaa ulioamilishwa hushika dawa nyingi, lakini mkaa hujaa, na maji yanayotoka kwenye chujio nayo yapimwe.

Chupa ya pili ya kila sehemu ibaki jokofuni, gizani, hadi ripoti ya ya kwanza isomwe. Namba ikishangaza, ndiyo itakayopelekwa, mradi siku 7 hazijapita. Zikipita, chota upya mahali palepale.